Kumdhihaki Konda si Utani

Maoni ya Mhariri



Ijumaa moja, baada ya sala, tulikuwa tumeketi barazani mwa msikiti hapa Haneti tukingoja jua lipunguze makali kabla ya kila mtu kushika njia yake. Kijana mmoja akatoa simu akatuonyesha mchezo mfupi wa kuchekesha. Mchezaji aliigiza konda wa daladala: vifungo vya shati vimefunguliwa, jasho linamchuruzika, mkono umeshika bomba la juu, na abiria waliokaa chini ya kwapa lake wanazimia mmoja baada ya mwingine. Kisha akaigiza lugha ya konda, na matusi yaliyokuwamo hayaandikiki katika ukurasa huu. Simu ikapita mkono kwa mkono, na kila ilipofika kikazuka kicheko kipya. Nasi tulicheka.

Mlangoni alikuwapo kijana mwingine akivaa viatu vyake. Alikuwa amesali safu ya nyuma, kama ilivyo desturi yake. Yeye hufanya kazi hiyo hiyo ya ukonda katika gari linalokwenda Dodoma mjini. Simu ilipomfikia aliitazama, akatabasamu kama anavyotabasamu mtu asiye na la kufanya, akampa wa pili yake, akaondoka bila kuaga. Mmoja wetu alipoonyesha wasiwasi, mzee mmoja akasema kwamba tusijali, huo ni utani tu, na isitoshe makonda wamekwisha zoea.

Maneno hayo mawili, kwamba ni utani na kwamba wamezoea, ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii. Maana ikiwa kweli ni utani, basi hapana lawama. Lakini ikiwa si utani, basi tulifanya dhihaka katika baraza ya nyumba ya Mwenyezi Mungu, dakika chache baada ya kutoa salamu ya sala, na tukamfanyia ndugu aliyekuwa amesimama pamoja nasi katika safu.

Kicheko hakikuharamishwa

Hatuandiki ili kuwakataza watu kucheka. Dini yetu haikuja kukunja nyuso za watu. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alikuwa mwenye bashasha, na masahaba wamesimulia kwamba alitaniana nao, ila hata katika utani wake hakusema isipokuwa la kweli.

Imepokewa habari ya Zahir, bedui aliyekuwa akileta Madina vitu vya jangwani, mtu ambaye sura yake haikuwa ya kuvutia watazamaji. Siku moja Mtume (s.a.w.) alimkuta sokoni akiuza bidhaa zake, akamjia kwa nyuma na kumkumbatia, kisha akanadi kwa mzaha kama vile ana mtumwa wa kuuza. Zahir alipotambua ni nani aliyemshika, alisema kwamba bidhaa kama yeye haiwezi kupata bei. Mtume (s.a.w.) akamjibu kwamba mbele ya Mwenyezi Mungu thamani yake ni kubwa. Utani huo ulimkuta mtu akijiona rahisi, ukamwacha akiwa ghali.

Na iko habari nyingine inayoligusa jambo letu kwa karibu zaidi. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba katika safari moja alikuwako mtu aitwaye Anjasha, aliyekuwa na sauti nzuri, na kazi yake ilikuwa kuwaendesha ngamia kwa kuwaimbia. Ngamia husikia wimbo wakakaza mwendo, na siku hiyo walikuwa wamebeba wanawake. Mtume (s.a.w.) akamwambia Anjasha aende polepole, akiwafananisha wale abiria na vyombo vya kioo.

Kwa lugha ya leo, Anjasha alikuwa mfanyakazi wa usafiri wa abiria. Kosa lake ndilo lile tunalolilalamikia katika barabara zetu, yaani mwendo wa kasi usiojali waliopakiwa. Mtume (s.a.w.) hakulinyamazia kosa hilo, kwani roho za watu zilikuwamo. Lakini alilirekebisha kwa neno la upole lenye tabasamu ndani yake. Hakuitaja rangi ya Anjasha, wala hadhi yake, wala jasho lake. Kosa lilikemewa, na mwenye kosa akabaki na heshima yake mbele ya msafara mzima. Kwa hiyo mizani tunayo: mzaha unaoruhusiwa hugusa kitendo na kumwinua mtu, na mzaha uliokatazwa humgusa mtu mwenyewe na kumshusha.

Wenyeji wa nchi hii wanaujua utani

Wapo watakaosema kwamba sisi watu wa Ugogo tumelelewa katika utani, na kwamba kutukataza utani ni kutukataza asili yetu. Nasi tunajibu: ni kwa sababu tunaujua utani ndiyo maana hatuna udhuru wa kuuchanganya na dhihaka.

Tukumbuke jinsi misafara ilivyovuka nchi hii katika karne ya 19. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walipita Ugogo wakitoka Tabora kwenda pwani na kurudi, vichwani na mabegani wamebeba pembe na vitambaa. Nchi yetu ilikuwa kame kama ilivyo leo, na watemi walitoza hongo kwa msafara uliotaka kupita na kunywa maji ya visima. Mgeni na mwenyeji waligombana, wakapatana, wakafanya biashara, na katika njia hizo ukakua utani baina ya makabila, ambao hata leo Mgogo na Mnyamwezi wakikutana stendi huanza nao kabla ya salamu.

Wale wapagazi ndio waliokuwa wafanyakazi wa usafiri wa zama zile. Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, kazi yao ilikwisha, lakini utani ukabaki. Kwa nini ulibaki? Kwa sababu una masharti yake. Sharti la kwanza ni kwamba mtani hujibu. Ukimwita mwenzako mla panya, naye ana ruhusa ya kukuita ombaomba, na hapana anayekasirika. Sharti la pili ni kwamba mtani ana wajibu. Msiba ukikufika, yule aliyekuwa akikucheka ndiye anayefika mapema na kushika kazi. Yapo katika utani wa misibani ambayo dini haiyaridhii, nasi tunayakemea. Lakini msingi wake, kwamba anayekucheka ndiye atakayekuzika, ni msingi wa udugu.

Sasa tuupime mchezo ule wa simu kwa masharti hayo. Je, konda aweza kumjibu mchezaji? Hawezi, hana kamera, hana watazamaji, na mbele ya abiria akijibu neno moja tu ataambiwa ni mhuni asiye na adabu. Je, yule anayecheka kwapa la konda ana wajibu wowote kwake? Konda akianguka kutoka mlangoni akavunjika mguu, nani kati ya waliocheka atakayemtembelea hospitali, au hata kulijua jina lake? Basi pakikosekana jibu na pakikosekana wajibu, hapo hapana utani. Iliyobaki ni dhihaka iliyovaa nguo za utani.

Tunachokicheka kimetoka wapi?

Tena tunapaswa kujiuliza: hayo tunayoyacheka yameletwa na nani? Konda hupiga kelele, husukuma watu, hugombania chenji, hutokwa na jasho, humhimiza dereva akimbie. Je, alizaliwa hivyo?

Usafiri wa daladala una historia yake. Katika jiji la Dar es Salaam, UDA ndiyo iliyokuwa na haki ya kubeba abiria, hata ikashindwa kutosheleza wakazi waliokuwa wakiongezeka. Mwaka 1983 Serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi, na kwa kuwa nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala, magari yakapata jina ambalo sasa linatumika nchi nzima. Tangu hapo ulienea utaratibu ambao kila dereva na konda anaujua: hesabu. Mwenye gari, ambaye wenyewe humwita tajiri, hutaka kiasi maalumu cha fedha kila jioni. Mafuta ni juu ya dereva na konda. Faini nyingi za njiani ni juu yao. Kinachobaki baada ya hayo yote ndicho wanachogawana, na kisipobaki kitu, hugawana uchovu. Chini yao wako deiwaka, ambao hushika gari kwa saa chache wenyewe wanapopumzika, na ambao hawana hata uhakika wa kesho.

Mtafiti Matteo Rizzo aliwachunguza wafanyakazi wa daladala wa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na kitabu chake kikatoka mwaka 2017. Alionyesha kwamba walio wengi walifanya kazi bila mkataba wowote, na kwamba siku yao ya kazi ilikuwa kama saa 15. Ilhali Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apewe maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na inaweka saa za kawaida kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Wafanyakazi hao wala hawakukaa kimya. Huko Dar es Salaam waliunda chama chao, UWAMADAR, mwishoni mwa miaka ya 1990, wakidai kutambuliwa. Na mwezi wa Aprili mwaka 2015, na tena Mei mwaka huo, madereva wa mabasi waligoma nchini, wasafiri wakakwama vituoni. Watu wengi wanakumbuka adha ya siku zile; wachache wanakumbuka kwamba miongoni mwa madai yao lilikuwamo dai la kupewa mikataba ya ajira.

Hapa kwetu barabara imebadilika. Wazee wanaikumbuka njia ya Dodoma kwenda Kondoa na Babati ilivyokuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, gari likizama abiria wanashuka, na konda ndiye wa kwanza kuvua viatu na kuingia topeni kusukuma. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ilizinduliwa na Rais John Magufuli Julai mwaka 2018. Lami imepunguza saa za safari, lakini haikuiondoa hesabu. Siku za mnada gari hujaa watu, magunia ya alizeti na kuku. Siku za kawaida hupita nusu tupu, na tajiri hataki kusikia kwamba leo haikuwa siku ya mnada.

Kwa hiyo zile kelele tunazoziigiza ni sauti ya mtu anayetafuta fedha ya mwingine kabla hajatafuta yake. Na lile jasho tunalolicheka, tukumbuke kwamba Mtume (s.a.w.) alilitaja jasho la mfanyakazi alipousia kwamba alipwe ujira wake kabla halijakauka. Yeye alilitazama jasho akaona deni. Sisi tumelitazama tukaona kichekesho.

Hatufichi makosa yao

Haitakuwa uadilifu kuandika haya na kunyamazia upande wa pili. Makonda wengi wana ndimi mbaya. Wanafunzi huachwa kituoni kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na gari huondolewa kwa hila mlango ukifungwa usoni mwa mtoto. Akina mama huambiwa maneno ambayo msemaji asingependa mama yake ayasikie. Wazee huvutwa mkono na mizigo yao kunyakuliwa na wapiga debe. Wapo wanaopandisha nauli jioni watu wanapokuwa wengi, na wanaojaza abiria hadi pumzi inapungua.

Yapo hata makubwa kuliko hayo. Mwaka 2014 jijini Nairobi mwanamke mmoja alivuliwa nguo hadharani na kundi la wanaume katika kituo cha magari, wakidai kwamba hakuvaa kwa heshima, na mnamo tarehe 17 Novemba mamia ya wanawake waliandamana kupinga unyama huo. Picha za tukio lile zilisambaa katika simu. Tunalitaja kwa makusudi, kwa sababu linaonyesha kwamba mwenye kucheka kudhalilishwa kwa konda na mwenye kucheka kudhalilishwa kwa mwanamke wanachota kisima kimoja. Aliyeizoesha nafsi yake kufurahia aibu ya mtu hatachagua mtu.

Je, aliyedhulumiwa anyamaze? La. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 148, Mwenyezi Mungu ameeleza kwamba hapendi uovu utangazwe kwa maneno, isipokuwa kwa yule aliyedhulumiwa. Basi mama aliyetukanwa, mwanafunzi aliyeachwa, mzee aliyezidishiwa nauli, wana haki ya kusema wazi: gari fulani, siku fulani, saa fulani, limefanya hivi. Waseme kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyochukua kazi za SUMATRA mwaka 2019. Waseme kwa askari wa usalama barabarani. Waseme kwa mwenye gari. Hiyo ni haki, na ni amali ya kukataza maovu.

Lakini tazameni tofauti. Malalamiko hulitaja tendo na mtendaji wake, wala hayamgusi asiyehusika. Dhihaka humwacha mkosaji salama na kuipiga kazi nzima. Yule aliyemsukuma mwanafunzi Jumatatu hana habari na mchezo wa simu. Na yule aliyemshika mkono bibi kipofu akamvusha barabara ndiye aliyekuwa mlangoni mwa msikiti akivaa viatu. Majirani zetu wa Kenya, mwezi wa Februari mwaka 2004, walipoanza kuyatekeleza masharti ya Waziri John Michuki, waliwataka madereva na makonda wa matatu wavae sare na beji. Watu waliyatazama hayo kama adhabu. Lakini mtu mwenye beji ana jina, na mwenye jina aweza kushitakiwa, na vilevile aweza kuheshimiwa. Dhihaka haina haja na jina la mtu. Yenyewe huona konda tu.

Hukumu ya Kitabu

Surat Al-Hujurat, aya ya 11, imekataza wanaume wasiwadharau wanaume wengine, na wanawake wasiwadharau wanawake wengine, kwani huenda wanaochekwa wakawa bora kuliko wanaocheka. Na ikakataza kuaibishana na kuitana kwa majina ya kejeli. Hatusomi katika aya hiyo kwamba mchekwaji lazima awe mtu mwenye cheo, wala kwamba asiwe konda.

Wapo wanaojitetea kwamba wanayoyasema ni kweli: konda hunuka jasho, konda hakusoma. Hao tunawakumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) aliposema na masahaba juu ya kusengenya, aliulizwa itakuwaje ikiwa aibu inayosemwa iko kweli kwa huyo mtu. Alieleza kwamba ikiwapo ndiko kusengenya kwenyewe, na isipokuwapo ni uzushi. Ukweli wa aibu hauhalalishi kuitangaza.

Imepokewa pia kwamba Abdullah bin Mas'ud alipanda mti kuchuma miswaki, upepo ukafunua miguu yake myembamba, watu wakacheka. Mtume (s.a.w.) akawaeleza kwamba katika mizani miguu ile ni mizito kuliko mlima wa Uhud. Watu walicheka mwili wa mtu aliyekuwa kazini, naye akawahamisha kutoka mizani ya macho hadi mizani ya Siku ya Kiyama.

Na hapa hatuna budi kujilaumu sisi wenyewe tunaosimama mbele za watu. Ni mara ngapi mhubiri anapotaka kutoa mfano wa mtu asiye na adabu humtaja konda? Ni mara ngapi katika darsa, tukifika nasaha ya Luqman kwa mwanawe kuhusu kushusha sauti, ambapo sauti ya punda imetajwa kuwa mbaya kuliko zote, mwalimu huongeza kwamba hiyo ndiyo sauti ya stendi, na wanafunzi wakacheka? Nasaha ile ilikuwa ya baba kwa mwanawe ampendaye, ili ajirekebishe yeye mwenyewe. Sisi tumeichukua nasaha ya mapenzi tukaifanya fimbo ya kumpigia asiyekuwapo. Ikiwa hata kurasa hizi ziliwahi kufanya hivyo, tunatubu kwa Mwenyezi Mungu.

Alichotuambia kijana yule

Wiki iliyofuata tulimwendea yule kijana, pamoja na mzee aliyesema kwamba makonda wamezoea, tukamwomba radhi. Alishangaa kwanza, kisha akatuambia kwamba kucheka kwa wakubwa hakumuumi sana, kwani akilala usiku husahau. Kinachomuuma ni kwamba mtoto wake aliye darasa la tatu amerudi nyumbani akamwuliza kama anaweza kuwaambia wenzake kwamba baba yake ni dereva, wasijue kwamba ni konda. Mzee aliinamisha kichwa.

Tukamwuliza sisi abiria tufanye nini. Tulitazamia jambo kubwa. Akasema tumweleze mapema tunaposhukia, tusimpe noti ya elfu kumi kwa nauli ndogo asubuhi na mapema, na tukimwita tusimwite kwa kumpigia mluzi. Akacheka, nasi tukacheka pamoja naye, na safari hii kicheko hakikuwa na mtu wa kukiumia.

Nasaha zetu

Kwa abiria: tuanze kwa salamu tunapopanda, tulipe nauli bila kuitupa, na tukikosewa tuseme na aliyetukosea au na mamlaka inayohusika, wala tusiihukumu kazi nzima. Mchezo wa dhihaka ukiletwa katika simu zetu, tuufute; kuupitisha kwa mwingine ni kushiriki.

Kwa ndugu wachekeshaji: riziki yenu imo katika vinywa vyenu, na kinywa ni amana. Icheni hesabu, mchekeni tajiri anayetaka fedha za mnada siku isiyo ya mnada, tuchekeni sisi abiria tunaogombania kiti kisha tukakataa kumpisha mjamzito. Hayo ni matendo, na mwenye nayo aweza kujirekebisha. Kwapa la mtu aliyesimama tangu alfajiri halina la kujirekebisha isipokuwa kupewa muda wa kuoga.

Kwa Waislamu wenye magari: miongoni mwenu wamo wanaosali safu ya mbele ilhali konda wao hana karatasi hata moja inayoonyesha kwamba ameajiriwa. Andikianeni mikataba. Pangeni hesabu ambayo mtu aweza kuifikia bila kuhatarisha roho za watu. Wapeni muda wa sala. Sadaka mnayotoa ni njema, lakini haki ya mfanyakazi hutangulia sadaka.

Na kwa ndugu zetu makonda na madereva: heshima mnayoidai ni haki yenu, nayo hulindwa kwa ulimi. Kila neno chafu mnalomtupia binti wa shule ndilo linalompa mchezaji maneno ya kuigiza. Kumbukeni kwamba Mtume Mtukufu (s.a.w.) naye kabla ya kupewa utume alisafiri na msafara wa biashara wa Bibi Khadija hadi Sham, na alichorudi nacho, pamoja na faida, ni jina la uaminifu. Kazi ya njiani haimdhalilishi mtu. Njooni msikitini kama mlivyo, na msikae safu ya nyuma kwa sababu ya watu; anayefika mapema ndiye mwenye haki ya safu ya mbele.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azitakase ndimi zetu na dhihaka na macho yetu na dharau, awalinde wasafiri na wanaowasafirisha katika barabara zetu, awape riziki ya halali yenye utulivu, na atujaalie tuwe watani wa kweli kwa ndugu zetu, wenye kucheka nao wakati wa furaha na kuwabeba wakati wa msiba. Amin.